Nilishuka Ruaha Mbuyuni, nikarudi nyumbani na vitunguu

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi cherehani hapa Iringa, nina mke na watoto wawili. Naomba jina langu na mtaa wangu visitajwe, kwa sababu mama yangu husomewa safu hii na wajukuu zake.

Mwaka 2021 niligusa kitu nyuma ya goti la kulia, kigumu kama harage, hakiumi. Nakanyaga cherehani tangu nina miaka 17, na mguu wa kulia ndio unaosukuma zaidi, kwa hiyo nikasema ni msuli tu. Kikakua hadi kuwa kama yai la kuku. Hospitali moja ya huku kwetu wakasema ni uvimbe wa mafuta, wakanichoma ganzi, ndani ya nusu saa kikawa kimetoka. Niliuliza kile kinyama kinapelekwa wapi. Nikajibiwa hakina haja ya kupelekwa popote. Miezi saba baadaye kikarudi palepale kwenye mshono, safari hii kama ngumi yangu.

Nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Nikapigwa picha ya MRI, nikatolewa kinyama kwa sindano, na baada ya wiki tatu daktari akaniambia ni saratani ya nyama laini inayoitwa sakoma ya sinovia. Akaniambia ni ya nadra. Kweli, wodi nzima sikumkuta mwenye ugonjwa kama wangu. Akina mama wengi walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, wazee wana ya tezi dume au ya koo, mimi ndiye wa mguu. Na huku nyumbani nikitaja neno sakoma, watu wanafikiria ile ya ngozi inayowapata wenye UKIMWI. Hata muuguzi mmoja wa zahanati aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Nilipima, sina. Lakini nimechoka kujieleza, siku hizi nasema tu nilikuwa na uvimbe.

Nilipata dripu za ile dawa nyekundu mizunguko minne, mionzi siku 25, kisha operesheni. Kabla ya operesheni mjomba wangu alisema wakate mguu yaishe, kuliko kuendelea kumwaga fedha kwa kitu kinachorudi. Nililia mbele ya wazee, nikasema mguu wangu ndio kazi yangu. Wakaniachia. Mguu upo, lakini goti halikunji sawasawa na jioni unavimba. Nimefunga mota kwenye cherehani, naiendesha kwa mguu wa kushoto.

Sasa gharama, mama. Mama yangu aliuza shamba la paina ambalo lilikuwa na miaka 8, miti bado myembamba, aliyenunua akampangia bei anayotaka yeye. Mdogo wangu aliacha chuo akiwa mwaka wa pili, akachukua bodaboda ya mkataba ili aweze kututumia fedha. Mke wangu alikuwa na friji anauzia juisi na maji, akaliuza. Kanisani walichanga mara mbili. Bima sina.

Nilimaliza matibabu Agosti 2023. Nikapangiwa kurudi kila baada ya miezi minne kupimwa mapafu kwa CT, ile mashine ya picha inayoona ndani zaidi ya eksirei, maana walisema ugonjwa huu ukihama hupenda kwenda huko. Kipimo, nauli, kula na kulala, kila safari inaondoka na zaidi ya laki tatu. Nilihudhuria bila kukosa. Lakini wiki mbili kabla ya kila safari silali. Nikishona, nakosea vipimo vya wateja. Nikikohoa mara moja, mke wangu anageuka kuniangalia, na watoto nao wanageuka.

Safari moja niliondoka vizuri tu. Tulipomaliza kuteremka mlima Kitonga, mguu umevimba, moyo unakwenda mbio, nikajiuliza: wakikuta kitu leo, kitauzwa nini tena? Kiwanja ninachoishi? Basi liliposimama Ruaha Mbuyuni nikashuka. Nikalala gesti siku mbili. Nikanunua vitunguu, nikarudi Iringa, nikasema mapafu yako safi. Jumapili mama alisimama kanisani kushukuru. Miezi minne baadaye nikafanya vilevile, gesti ileile.

Majibu yote mke wangu huyaweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Safari ya pili aliniuliza, "Mbona siku hizi wanakuachia uje mikono mitupu?" Nikamwambia picha zinabaki kwenye kompyuta yao. Hakusema neno, akaendelea kukunja nguo.

Tarehe nyingine ni mwezi ujao. Mdogo wangu amekubaliwa kurudi chuo. Ada yake tumechanga, mimi ndiye nimeitunza, iko kwenye droo ya cherehani. Nikiivuta ile droo kutafuta uzi naiona. Najua nikienda nikakutwa na kitu, yeye mwenyewe atasema ichukuliwe. Nisipokwenda, anasoma.

Mimi sijisikii kuumwa. Je, mtu hana haki ya kuacha kujua? Nawaonea huruma watu wangu, au ninawadhulumu?

Fundi, Iringa

*

Marahaba, mwanangu fundi.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikairudia jioni, na kilichonirudisha ni ile droo. Pole sana. Pole ya ugonjwa wengine wameshakupa. Mimi nakupa pole ya hizo siku mbili za gesti, mara mbili, maana nahisi zile ndizo ulizokuwa peke yako kuliko zote, hata kuliko wodini.

Nikikuelewa sawasawa, huniulizi kama kipimo kina maana. Ungekuwa hukijali, ungebaki nyumbani ukasema umechoka. Unaniuliza jambo gumu zaidi: mtu aliyetibiwa kwa mali za wenzake, anaruhusiwa kukataa kutafuta habari inayoweza kuwafanya wauze tena? Na chini ya swali hilo naliona lingine ambalo hukuliandika. Ni kama unaona maisha uliyonayo sasa ni ya mkopo, na kila siku unahesabu riba.

Naomba tuanze na mguu, kwa sababu nadhani hesabu yako imeanzia hapo. Ulilia ukasema wasikate, wakaacha, na tangu siku ile unajiona uliyechagua goti lako badala ya paina za mama na chuo cha mdogo wako. Mjomba alisema kwa nia njema, na watu wengi wanaamini hivyo: kata, yaishe. Lakini jambo hili liliwahi kupimwa. Mwaka 1982 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa matokeo ya wagonjwa 43 wenye sakoma za nyama laini za mikono na miguu. Waligawanywa kwa kura: wengine wakakatwa kiungo, wengine wakatolewa uvimbe na kupigwa mionzi, wakabaki na kiungo chao. Kati ya waliobakiziwa, wachache walirudiwa na uvimbe mahali palepale. Lakini katika kuishi, makundi yale mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Ndiyo maana leo madaktari wa sakoma huanza kwa kutafuta namna ya kuuacha mguu, na wagonjwa wengi sana hubaki nao. Kinachowapeleka watu kaburini kwa ugonjwa huu kwa kawaida ni kuhamia mapafuni, na kukata mguu hakuzuii mbegu iliyokwisha kusafiri. Kwa hiyo, fundi, hukuwanyang'anya watu wako chochote kwa kulia siku ile. Uliomba kitu ambacho daktari wako angekupa hata usingelia.

Na kuhusu ile operesheni ya kwanza ya nusu saa, hujalaumu, ila nimeona ulivyoiandika taratibu, neno kwa neno. Una haki ya kuumia. Uvimbe wa mafuta ni wa kawaida mno na sakoma ni takribani moja tu katika kila saratani 100 za watu wazima, tena zenyewe ziko zaidi ya aina 50, kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo. Hilo linaeleza kosa, halilifuti. Kwa wasomaji wengine niseme hapahapa, maana sijui kama nitapata nafasi nyingine: uvimbe unaozidi sentimita 5, au unaokua, au uliojichimbia ndani chini ya nyama, hata kama hauumi hata kidogo, upigwe picha kabla ya kisu. Na kinachotolewa mwilini kiende maabara. Dai kiende.

Turudi kwako. Hesabu uliyoifanya Ruaha Mbuyuni ni kwamba kwenda kunagharimu na kutokwenda ni bure. Naomba uiangalie tena kwa macho ya fundi. Mteja akikuletea suruali iliyoachia uzi kidogo, unaishona kwa dakika mbili. Akikuletea imeshapasuka hadi magotini, utakata kitambaa kingine. Uvimbe wa sakoma ukirudi kwenye mapafu ukaonekana mapema, ukiwa mmoja au michache, kuna wagonjwa ambao hufanyiwa operesheni ukatolewa, na baadhi yao huishi miaka mingi baada ya hapo. Si wote, na sitaki nikudanganye. Lakini ukisubiri mpaka mtu anakohoa damu au anashindwa kupumua, mlango huo mara nyingi unakuwa umefungwa, na fedha huwa hazijaokolewa. Zinatoka hapo hapo, kwa haraka, kwa vurugu, na ndugu huuza kwa bei mbaya kuliko ile ya paina, maana hakuna anayeweza kukaa nyumbani kumtazama mtu wake akihangaika kuvuta pumzi.

Hatari hii huwa kubwa zaidi miaka miwili mitatu ya mwanzo, ndiyo maana walikupangia tarehe za karibu karibu. Baadaye huachana, ikawa miezi sita, halafu mwaka. Ila sakoma ya sinovia ina tabia ya kuwarudia baadhi ya watu hata baada ya miaka 5 au 10. Nakuambia hivi kwa sababu nadhani unasubiri siku ambayo mtu atakuambia imekwisha, ulale. Siku ya namna hiyo huenda isije na muhuri. Wengi wanaoishi baada ya ugonjwa huu hujifunza kulala bila muhuri, na kile ulichonieleza, wiki mbili za kukosa usingizi kabla ya kipimo, kinawapata wagonjwa wa saratani kila pembe ya dunia. Wewe si mwoga. Mtu mwoga asingekaa chini ya mashine ya mionzi siku 25.

Sasa nikuulize jambo. Umejua kwa uhakika gani kwamba wakikuta kitu lazima kiwanja kiuzwe? Hapo naona umeunganisha vitu viwili ambavyo vinaweza kukaa mbali. Kujua ni kitu kimoja. Kutibiwa, kwa gharama gani, mpaka wapi, ni kingine, na kinaamuliwa baada ya kujua. Unaweza kwenda, ukaambiwa habari mbaya, ukarudi nyumbani na kusema: kiwanja hakiguswi, ada haiguswi, tutafanya kile kinachowezekana bila hivyo. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki hiyo. Lakini anayejua ndiye anayeweza kuweka mpaka kama huo. Asiyejua anawaachia wengine wauweke siku ameshazidiwa, na umesema mwenyewe jinsi mdogo wako atakavyoamua.

Kuna jambo jingine ambalo sina uhakika kama uliwahi kuambiwa, na ningependa umpelekee daktari wako kama swali. Huko Mumbai, India, hospitali ya saratani ya Tata Memorial iliwafuatilia wagonjwa 500 wa sakoma za viungo waliokwisha kufanyiwa operesheni. Wengine waliangaliwa mapafu kwa CT, wengine kwa eksirei ya kawaida ya kifua. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliofuatiliwa kwa eksirei hawakuwa nyuma ya wenzao katika kuishi. Na wengi mno wa wale ambao uvimbe uliwarudia palepale kwenye kiungo waligundua wenyewe kwa mikono yao. Utafiti ule ulifanywa kwa ajili ya watu kama wewe, ambao hospitali iko mbali na mfuko ni mwembamba. Sisemi uache CT, maana sijui ramani ya mapafu yako wala picha zako za nyuma zilionyesha nini, na eksirei huwa haioni vidoa vidogo ambavyo CT inaviona. Ninachosema ni kwamba umekuwa ukichagua kati ya laki tatu na kulala gesti, kana kwamba katikati hapana kitu. Inawezekana pana eksirei hapohapo Iringa ambayo daktari wako wa Dar es Salaam ataisoma, na CT ikabaki kwa pale anapotilia shaka. Muulize waziwazi: "Daktari, hiki siwezi kukimudu kila miezi minne. Kipi kinaweza kupungua, na nikikipunguza nahatarisha nini?" Madaktari husikia swali hilo kila siku. Ambalo hawalisikii ni la mtu aliyeshuka njiani.

Ukifika, pita pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hospitali za rufaa zina maafisa hao, na kazi yao ni kumsikiliza mgonjwa asiye na uwezo na kuangalia kama anastahili msamaha wote au nusu. Watahitaji barua ya serikali ya mtaa, na hapo najua unajua shida yake: mtaa mzima utajua unaumwa nini, na utarudi kwenye lile neno sakoma na minong'ono yake. Ile wanayoifikiria ni sakoma ya Kaposi, na ni ugonjwa mwingine kabisa. Unaweza kuamua kusema saratani ya mguu, ukaishia hapo. Huna deni la kumweleza kila mtu jina kamili la kilichokupata.

Umeniuliza kama mtu hana haki ya kuacha kujua. Anayo. Nimewahi kukaa na watu waliosema basi, nimetosha, sitaki tena kupimwa, nitaishi zilizobaki kama zilivyo, na sikuwaona kuwa wamekosea. Nawe ukiamua hivyo sitakugombeza. Hatari yake nimekwisha kuitaja. Pia kliniki zile haziangalii mapafu tu. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, inaweza kuuchosha moyo hata miaka kadhaa baada ya dripu ya mwisho, na ngozi na mfupa uliopigwa mionzi huhitaji jicho. Ukiziacha, unaacha na hayo. Lakini tofauti niliyoiona kati ya wale watu na wewe ni kwamba wao walisema. Mke alijua, watoto walijua, hata kama walilia na kukataa. Wewe hujaacha kupimwa, fundi. Kwa mama yako na kwa kanisa, unapimwa na uko salama. Kwa hiyo ukitaka kuuchukua uamuzi huo, utauchukua vipi ukiwa bado unarudi na majibu ambayo hayapo?

Nikisema hivyo najua naomba kitu kikubwa, kwa sababu kuna Jumapili ile mama aliposimama. Ukimwambia sasa, utakuwa umemtoa machozi na kumfedhehesha mbele ya watu aliowashuhudia. Sidhani kama mama ndiye wa kwanza kuambiwa. Inawezekana hata asiambiwe mpaka kuna jambo la hakika la kumwambia, likiwa jema au baya.

Mke wako ni habari nyingine. Ulimwandika kwa mistari michache, lakini nimekaa naye muda mrefu kuliko watu wengine wote wa barua yako. Mwanamke aliyeuza friji lake, anayepanga majibu yako kwenye bahasha, anaijua bahasha ile ina picha ngapi. Alikuuliza swali, ukampa kompyuta, akaendelea kukunja nguo. Labda aliamini. Labda pia amejua kitambo, na anasubiri umwambie kwa sababu anaogopa akikubana utaondoka moja kwa moja. Mimi simjui, wewe unamjua. Fikiria alivyokunja nguo usiku ule, alizikunja vipi.

Ukimwambia, anaweza kukasirika sana. Atakumbuka vile vitunguu. Anaweza kusema maneno kuhusu friji ambayo hajawahi kuyasema. Na huenda akataka kukusindikiza mwezi ujao, ambako ni nauli ya pili. Usipomwambia ukaenda mwenyewe kimyakimya, nayo ni njia: utapimwa, na kama mapafu ni safi kweli, uongo wa nyuma unaweza kufa kifo chake bila mtu kuumia. Wapo watakaokuambia hiyo ndiyo hekima. Shida yake ni kwamba utapanda basi lilelile, na likifika Ruaha Mbuyuni litasimama palepale, na hutakuwa na mtu wa kumpigia simu akuambie "kaa, usishuke," kwa sababu hakuna anayejua kwamba huwa unashuka. Kama si mke, basi labda mdogo wako. Au mchungaji wa kanisa lenu, kama ni mtu anayeweza kufunga mdomo wake.

Kuhusu mdogo wako nina wazo moja, lipime tu. Ile ada, kwa nini ikae kwenye droo? Akalipe sasa, kabla ya tarehe yako, apate risiti ya chuo mkononi. Hapo mambo mawili yaliyofungwa pamoja yatakuwa yamefunguliwa: utakwenda kupimwa huku yeye tayari ni mwanafunzi. Ubaya wake ni kwamba ukikutwa na kitu hutakuwa na akiba ya kuanzia, na huenda yeye akaja kukulaumu kwa kumharakisha bila kumwambia sababu. Watu wengine wangependa ada isubiri majibu, familia ikae, iamue pamoja. Nayo ina heshima yake, maana yeye ni mtu mzima aliyekwisha kuacha chuo mara moja kwa hiari yake mwenyewe. Umejiuliza kama anauona mwaka ule kama deni? Au ni wewe tu unayeuona hivyo? Siku moja mwulize, hata bila kutaja kipimo. Mwulize alijisikiaje siku alipopanda ile bodaboda mara ya kwanza, unyamaze umsikilize. Mama vilevile. Aliuza paina zake zikiwa changa, ndiyo. Sijasikia kwenye barua yako mahali popote aliposema anazidai.

Umeuliza kama unawaonea huruma au unawadhulumu. Mimi naona huruma ipo, tena nyingi, na naona imekuelemea kwa sababu umeibeba bila kumshirikisha mtu. Zaidi ya hapo siwezi kukuamulia. Ila jambo moja si la kujadiliana: ukianza kukohoa kikohozi kisichoisha wiki tatu, ukikosa pumzi kwa kazi ambayo zamani haikukuchosha, ukiona damu, au ukigusa kigumu chochote kwenye mshono au kwenye paja, usingoje tarehe wala ada. Kila mwezi ukioga, pitisha vidole nyuma ya goti taratibu, kama unavyotafuta pindo ndani ya kitambaa. Vidole vyako vimezoea kazi hiyo.

Niandikie tena, na uniambie ulichoamua hata kama unadhani hakitanipendeza. Na ukipanda basi mwezi ujao, kwa safari yoyote ile, kama ulipewa soksi ya kubana ya kuzuia mguu kuvimba, ivae asubuhi ukiwa bado kitandani, mguu haujavimba. Halafu omba kiti cha njiani upande wa kushoto wa basi, mguu wa kulia upate pa kunyooka mnapoteremka Kitonga.